Mitindo ya nyumba za Kizungu kutoka Kibera hadi Kawangware: jua unachonunua

Mpwa wangu yuko Nairobi mwaka wa tisa sasa, na kama vijana wengi wa Pwani waliopata kazi huko, amechoka kulipa kodi. Mwezi uliopita alinijia na kijitabu cha picha cha kampuni inayojenga mtaa wenye ukuta na geti nje kidogo ya jiji. Mnunuzi anachagua nyumba katika mitindo minne: Tudor, Georgia, Toscana na ile wanayoiita "ya kisasa". Akishachagua, haruhusiwi kubadilisha umbo la paa wala rangi ya ukuta wa mbele. Pesa za kuanzia zitatoka kwa fungu la dadangu katika nyumba ya marehemu mumewe, Mji wa Kale, Mombasa, ambayo familia inataka kuiuza.

"Mjomba, wewe ulikuwa ukichora ramani. Ipi bora?"

Kweli nilichora ramani za nyumba Nairobi kwa miaka mingi, na siku hizo nilikuwa nimepanga chumba Makina, Kibera. Sikumjibu. Nilimwambia tukutane Makina asubuhi, avae viatu vya kutembelea, twende kwa miguu hadi Kawangware. Njia hiyo hupita soko la Toi, mtaa wa Woodley, barabara ya Ngong na Dagoretti Corner, na ukikata kulia kidogo unaingia Lavington. Si mwendo mrefu, lakini kwa mtu anayetaka kujua nyumba za Kizungu zilifikaje kwetu, hakuna darasa bora. Niliyomweleza njiani ndiyo nayaandika hapa, maana najua si yeye peke yake aliye na kijitabu kama kile mkononi.

Tuanze na majina, kwa sababu majina ndiyo yanayouza.

Mtu wa Mombasa akisikia Tudor hufikiria mtaa wetu. Tudor ya vijitabu ni jina la ukoo wa wafalme waliotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603. Nyumba za watu wa wakati ule zilisimamishwa kwa fremu ya mbao nzito, na nafasi kati ya mbao zikazibwa kwa fito na udongo, kisha zikapakwa chokaa. Ndiyo, fito na udongo: kiambaza. Ule ukuta mweupe wenye mistari myeusi, ambao watu wanauongezea pesa ili wawe nao, ni ndugu wa ukuta wa Kibera. Waingereza waliufufua mtindo huo karne ya 19 na ya 20 kwa ajili ya nyumba za wenye nafasi, na hapo mbao zikageuka kuwa pambo. Zinazojengwa Nairobi leo ni ukuta wa mawe wa kawaida, mbao zikapigiliwa juu yake. Maji ya mvua yakiingia nyuma ya mbao hizo, zinaoza. Mchwa akizijua, huna ukuta wa Tudor tena bali ukuta wenye makovu. Paa lake la mwinuko mkali lilikusudiwa kumwaga theluji.

Georgia ni mtindo wa zama za wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, waliofuatana kuanzia 1714 hadi 1830. Alama yake ni ulinganifu: mlango katikati, madirisha idadi sawa kulia na kushoto, nguzo mbili mlangoni. Ni nyumba yenye heshima ukiitazama. Shida yake ni kwamba paa halitoki nje ya ukuta ila kidogo sana. Kwa London, ambako watu wanalitafuta jua, hilo si neno. Kwa Nairobi mvua za masika zinaupiga ukuta moja kwa moja, na baada ya miaka michache unaona michirizi ya ukungu chini ya kila dirisha.

Toscana, ambayo wengine huiita Mediterania, inataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayowapendeza watu wetu na kwa sababu tuna haki nayo. Toscana ni jimbo la Italia, lakini nyumba inayouzwa kwa jina hilo haikutoka huko moja kwa moja. Matao, ukuta wa lipu laini wa rangi ya mchanga na vigae vya mviringo viliunganishwa na wasanifu wa Marekani, hasa Florida na California, miaka ya 1920, wakiiga Hispania na Italia. Hispania nayo iliishi karne nyingi chini ya Waislamu. Nyumba ya Andalusia ina ukuta mtupu upande wa njia, na ndani ina ua wenye kivuli na maji, vyumba vikiuzunguka. Mtu wa Lamu ataitambua. Ni mantiki ile ile ya nyumba ya mawe yenye daka mlangoni, tekani inayokata kona ili mpita njia asione ndani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, halafu misana na ndani.

Sasa tazama alichofanya mchoraji wa kijitabu. Amechukua tao, akachukua kigae, akachukua rangi. Ua ameuacha. Nyumba ya Toscana ya mpwa wangu ina sebule kubwa yenye mlango wa vioo unaotazama barabara, na ukisimama getini unamwona aliyeketi kwenye kochi mpaka rangi ya soksi zake. Kile kilichoifanya nyumba ile iwe baridi mchana na sitara kwa familia ndicho kilichokatwa ili nyumba nyingi zaidi zienee kwenye shamba.

Kuhusu vigae vyenyewe, neno moja la kitaalamu ambalo muuzaji hatakwambia. Kigae cha udongo au cha saruji huweka uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Bati halifiki kilo 10. Kwa hiyo kigae cha kweli kinataka mbao nene za paa, zilizopangwa karibu karibu. Katika mitaa mingi mipya unachokiona chekundu huko juu ni bati lililokunjwa umbo la kigae na kumwagiwa changarawe. Si kitu kibaya, lakini usilipie bei ya kigae. Na wala usidhani kigae ni cha Mzungu tu. Vile vilivyo juu ya baadhi ya nyumba za Mji wa Kale ni vya Mangalore, vilivyokuja na majahazi na meli kutoka India, ambako wamisionari wa Basel walifungua kiwanda mwaka 1865.

Ya kisasa nitaipitia haraka. Ni maboksi meupe, paa tambarare, vioo vingi. Mizizi yake ni Ulaya ya miaka ya 1920, na mmoja wa mabingwa wake, Mjerumani Ernst May, aliyejenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi Frankfurt, alihamia Afrika Mashariki miaka ya 1930 na akafanya kazi hapa hadi miaka ya 1950. Hoteli ya Oceanic, Mombasa, ilikuwa yake, na alichora pia nyumba za Waafrika huko Port Tudor. Lakini May alipofika kwetu aliwaza kwanza upepo na kivuli. Wanaomwiga leo wanaiga weupe wake.

Tulipofika Woodley nilimsimamisha mpwa wangu, kwa sababu hapo ndipo unapouona mtindo ambao haumo kwenye kijitabu na ambao, kwa maoni yangu, ndio pekee wa wakoloni uliokaa vizuri Nairobi. Woodley ulijengwa na baraza la jiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya Wazungu, ukipakana na Kibera kabisa. Nyumba zake ni bangaloo: chini moja, mawe, paa jekundu linalotoka nje, bustani kila upande. Jina lenyewe bangaloo ni la Bengal. Waingereza waliichukua nyumba ya wakulima wa India, wakaongeza veranda pana, wakaisambaza kila walikotawala. Nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa 1912 na Msweden Åke Sjögren, ni ya aina hiyo hiyo. Ukikaa verandani saa nane mchana jua halikufikii; ikija baridi ya Julai, usiku joto likishuka hadi nyuzi 11 au 12, kuna meko ya kuni sebuleni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo meko ile si madaha. Bangaloo hizi sasa zinaondoka moja moja, Woodley, Kilimani na Lavington, na maghorofa yanachukua mahali pake.

Mpango wa mtaa nao ulikuwa wa Ulaya. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard aliandika juu ya mji wa bustani: nyumba chache, miti mingi, shule na duka karibu, na ardhi iwe mali ya jumuiya. Mawazo hayo yalifika Nairobi, kwanza katika mitaa kama Kaloleni ya miaka ya 1940, kisha katika Mpango Mkuu wa 1948 ulioandikwa na timu kutoka Afrika Kusini, Thornton White, Silberman na Anderson. Mitaa yenye geti ya leo ni wajukuu wa mawazo hayo, isipokuwa ile sehemu ya ardhi kuwa ya jumuiya imesahaulika njiani.

Na hapa ndipo ilinibidi nimrudishe nyuma, Makina, tulikoanzia.

Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, ndio waliopewa Kibera. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Mwaka 1918 eneo la takriban ekari 4,200 lilitangazwa kuwa la jeshi kwa ajili yao. Nyumba waliyojenga humo si ngeni kwetu hata kidogo. Mbele pana baraza. Unaingia mlango mmoja, unakutana na ukumbi mrefu unaokata nyumba katikati, vyumba kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi unatokea uani, penye jiko, choo na mti wa kukalia chini yake. Kuta za udongo na fito, paa la bati. Ni nyumba ya Kiswahili, ile ya Majengo na Kisauni, iliyopanda gari moshi. Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika mapema miaka ya 1920, ulijengwa kwa ramani hiyo hiyo, na ndiyo maana mpaka leo sehemu yake inaitwa Majengo.

Nimeishi katika nyumba ya namna ile, na najua kasoro zake: chumba cha futi 10 kwa 10, giza ukumbini, choo kimoja kwa watu wengi. Siipambi. Lakini ina akili ambayo sijaiona kwenye vijitabu. Mwenye nyumba, mara nyingi mama mjane, alikuwa na vyumba vyake viwili vya mwisho karibu na ua, na vya mbele alipangisha. Mpangaji aliingia na kutoka bila kumwona mama kichwa wazi. Wageni wa kiume waliishia barazani, wa kike wakapita hadi uani. Mtoto akioa, chumba kimoja kinaachwa wazi kwa ajili yake. Nyumba hiyo hiyo ilikuwa makazi, pato na sitara.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika biashara ya nyumba za mitindo ni mlango tu unaouzwa.

Kuonyesha jinsi ramani ilivyo kubwa kuliko mtindo, tazama maghorofa ya serikali. Mwaka 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa majengo mapya ya Lang'ata, nyumba 600, wakisubiri kwao kujengwe. Nyumba zile zilichorwa kwa ajili ya familia moja moja, baba, mama na watoto wawili, kwa mawazo ya Ulaya. Zikapewa familia tatu nyumba moja, kila familia chumba chake, jiko na choo wakitumia pamoja. Kwa kuwa milango ya vyumba yote hufunguka sebuleni, hakuna aliyeweza kutoka usiku bila kupita mbele ya mwenzake. Mwaka 2016 nyumba 822 zilikamilika pale Soweto Mashariki penyewe. Ni imara, zina maji na umeme, na sitamsikiliza mtu anayesema watu wangeachwa kwenye udongo. Lakini mama mwenye vyumba sita vya kupangisha hawezi kupangisha hata kimoja katika nyumba ile. Pato lake limekatwa na mstari wa kalamu.

Na ardhi? Zile ekari 4,200 zilimegwa mwaka hadi mwaka: Jamhuri, Ayany, Olympic, Salama, na mtaa mmoja ambao kila Mpwani akifika hucheka kwa jina lake, Fort Jesus. Mwaka 2017 Wanubi walipokabidhiwa hati ya jumuiya yao ilikuwa ya ekari 288.

Kawangware ni hadithi nyingine. Huko ardhi ni ya watu binafsi wenye hati, kwa hiyo hakuna aliyemzuia mwenye shamba kujenga apendavyo, na alichopenda ni vyumba. Kwanza safu mbili za mabati zikitazamana, njia nyembamba katikati, bomba na choo mwisho. Kisha, pesa zilipopatikana, mawe, ghorofa tano au sita, lakini ramani ni ile ile: ukumbi katikati, vyumba pande mbili. Watu wa Nairobi huiita ploti. Kwangu mimi ni nyumba ya Kiswahili iliyonyang'anywa baraza na ua, ikabaki na ukumbi. Ukivuka barabara uko Lavington, ambako mapadri wa Kifaransa wa misheni ya Mtakatifu Austin walifika 1899 na kupanda kahawa, na baadaye Wazungu wakajenga bangaloo zao. Kila asubuhi watu wa Kawangware huvuka kwenda kufua, kupika na kulinda katika nyumba hizo.

Kwa wanaofikiria kujenga au kununua, Nairobi au huku kwetu Nyali, Mtwapa na Vipingo ambako michoro hii hii inaletwa, haya ndiyo nimeona yanasaidia. Anza na jua. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na Mombasa iko nyuzi nne tu kusini yake. Jua la mchana huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Disemba, lakini huwa juu sana, na paa likitoka futi tatu linatosha kulizuia. Jua linaloumiza ni la asubuhi na la jioni, linalokuja chini chini. Kwa hiyo ukuta mrefu wenye madirisha utazame kaskazini na kusini, na vioo vikubwa visikae magharibi. Mchoraji anayegeuza nyumba ile ile ielekee kokote ili ienee kwenye ploti amekuuzia tanuri.

Mombasa ongeza upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipitishi upepo, hata kiwe na tao zuri namna gani. Meko ya kuotea moto Nyali nimeiona kwa macho yangu, na mwenyewe ameweka televisheni ndani yake.

Kisha soma kanuni za mtaa kabla ya kusoma bei. Mara nyingi zimewekwa kurasa za mwisho, kwa maandishi madogo. Je, unaruhusiwa kuongeza chumba nyuma? Kupangisha sehemu? Kujenga ukuta wa kusitiri ua? Kuanika nguo? Kuweka kiti mbele ya nyumba ukakaa na jirani? Kijitabu cha mpwa wangu kinakataza yote hayo isipokuwa ukuta wa nyuma, ambao unaruhusiwa ukiwa chini ya futi saba na ukipakwa rangi yao. Hilo si jambo dogo. Ukuta wa futi saba nyuma, mlango wa jikoni ukihamishwa, na veranda ya nyuma ikiezekwa, unapata ua. Mtindo wa mbele unabaki wao, nyuma panakuwa pako. Katika mitindo yao minne, Toscana ndiyo inayokubali hilo kwa gharama ndogo, maana chimbuko lake lilikuwa na ua. Hilo ndilo jibu nililompa hatimaye, tukiwa tumekaa Kawangware stendi ya 46 tukinywa chai.

Kuhusu kuuza nyumba ya Mji wa Kale, nilimwambia asinihusishe, amuulize mama yake. Alimpigia pale pale, akamtumia picha. Dadangu alikaa kimya muda kidogo. Hakuuliza Toscana ni nini. Aliuliza kukiwa na arusi au msiba, wanawake wataingilia wapi na wataketi wapi.

Mpwa wangu amelipeleka swali hilo kwa kampuni, kwa maandishi. Hadi naandika haya, hawajamjibu.